Kitinda Mimba Amelala

Saa mbili na dakika tano asubuhi, mwangalizi wa seva za hospitali alivua viatu mlangoni, akavaa ndala za ofisini, akakaa mbele ya kompyuta kuuliza hali. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu amzike mama yake. Wenzake walikuwa wamempa pole kwenye korido. Mmoja alimwachia chai mezani, nayo ikapoa.

Kumbukumbu za wagonjwa zilikaa kwenye seva tatu. Madaktari waliandika kwenye ile ya kwanza, na nyingine mbili zilinakili kila kilichoandikwa humo, ili moja ikifa kumbukumbu zisife nayo. Kwenye karatasi za ofisi seva hizo zilikuwa na majina marefu ya herufi na tarakimu, ambayo hakuna aliyejisumbua kuyakariri. Waliziita Mzazi, Kifungua Mimba na Kitinda Mimba. Na dada huyu, kwa kuwa kila asubuhi ndiye aliyeripoti hali zao, walimwita Dada Hali.

Kompyuta ikamjibu. Mzazi yuko hai. Kifungua Mimba yuko hai, hajachelewa. Kitinda Mimba yuko hai, amechelewa siku kumi na tisa.

Alikwenda chumba cha seva. Juu ya Kitinda Mimba palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa fundi aliyemshikia zamu: "Amelala. Msimwamshe." Fundi alikusudia kusimamisha kunakili kwa nusu saa tu ili abadilishe feni, na siku hiyohiyo akahamishiwa tawi jingine. Kwa kuwa aliyelala alikuwa kitinda mimba, kila aliyeingia alisoma karatasi, akatoka kwa kunyata, akafunga mlango polepole.

Chini ya karatasi hiyo, juu ya boksi la nyaya, alikaa mama yake Dada Hali, amevaa gauni la wodini.

"Mwanangu, humu mnahifadhi nyama?" mama aliuliza. "Baridi gani hii?"

"Shikamoo, mama. Ni kwa ajili ya mashine, zinapata joto."

"Marahaba. Mashine zipate joto, mama yako agande."

Dada Hali alivua sweta akamfunika. Aliangalia kwenye seva: kwa Kitinda Mimba, mama bado alikuwa amelazwa wodi ya nne, kitanda cha kumi na moja, wa tatu kwenye foleni ya mashine ya kusafisha damu. Mashine hiyo ilipokea wagonjwa wapya wawili kwa siku.

"Mjukuu wangu anakula?"

"Anakula. Jioni anakuulizia."

Jioni zilikuwa zao wawili. Kwa miaka miwili mama alikaa na mtoto ili Dada Hali ahudhurie darasa la jioni ajifunze kompyuta, na akirudi alimkuta mtoto ameshaoga, ameshalala, na chakula kimefunikwa. Alikuwa akimsimulia mama masomo huku akiosha vyombo. "Yaani unawauliza hali, wanajibu palepale?" mama alisema siku moja. "Mbona mimi sikupata watoto wa aina hiyo?"

Dada Hali aliamua kuiacha karatasi mahali pake. Kitinda Mimba akiendelea kulala, mama angeendelea kuwepo. Saa nane angemfuata mtoto shuleni amlete. Angemvalisha soksi mbili.

Saa tano karani wa dirisha la saba, anayetoa dawa, alipiga simu. Dirisha lake lilisoma kutoka kwa Kitinda Mimba.

"Dada Hali, nina mama hapa. Kadi inasema mtoto ana siku kumi na mbili. Kompyuta inasema hajazaliwa. Sasa mtoto amerudi tumboni."

Alikwenda kuona. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha karani, tumbo limegusa meza, kitambaa cha kubebea mtoto kiko begani, kitupu. Mkononi alishika cheti cha dawa ya macho.

"Silalamiki," alisema yule mwanamke. "Ila nimeshamzaa mara moja, na haikuwa kazi ndogo. Na macho yake yanatoa usaha. Huko ndani nani atamtia dawa?"

Watu wa nyuma yake kwenye foleni walisogea ili apate kunyoosha miguu.

Dada Hali alirudi chumba cha seva akamweleza mama. Mama alikunja mkono wa sweta, akaukunjua.

"Mpe mwenzio mtoto wake," alisema.

"Nikimwamsha huyu, wewe…"

"Najua nilipofikia. Na wewe ni mzazi, usijifanye hujui. Njoo ukae hapa kwanza."

Walikaa wote wawili juu ya boksi, mama akamshika mkono. Dada Hali alibandua karatasi, akaweka kompyuta mapajani, akaandika amri kwa mkono mmoja.

Kitinda Mimba alianza kulipa siku alizolala, kila siku kwa nusu dakika hivi. Siku ya kwanza ikapita mama akijitengeneza nywele. Siku ya pili, ilipofika alasiri, mama alipepesuka kama mtu aliyepigwa kikumbo.

"Nilikuwa nimeshafika wa kwanza," alisema. "Sasa ni wa ishirini na nne."

Dada Hali alisoma. Mbele ya mama yalikuwa yameingizwa majina ishirini na matatu, yasiyo na wodi wala kitanda, kutoka ofisi ya mkurugenzi. Wodini waliambiwa tu kwamba foleni ni ndefu.

"Kumbe haikuwa ndefu," mama alisema.

"Haikuwa, mama."

Mama alimpapasa kiganja. "Mtoto usimwambie hayo. Mwambie bibi amemsalimu, na asiache kunywa maziwa."

Siku ya tatu ilipoingia, mkono ulizidi kuwa mwepesi. Sweta ikabaki juu ya boksi, mikono yake ingali na joto. Dada Hali aliivaa, akasubiri siku zilizosalia. Dakika chache baadaye, dirisha la saba, mtoto alilia.

Alichapisha orodha ya majina yale akampelekea bosi wake. Bosi hakuwa mtu mbaya. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Dada Hali, Mzazi akiandika, watoto wananakili. Sisi kazi yetu ni wasichelewe." Akaiweka karatasi kwenye droo.

Kesho yake saa nne, kinyozi mstaafu wa kitanda cha tisa, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, akawa wa kumi na tisa. Badiliko hilo liliwafikia Kifungua Mimba na Kitinda Mimba sekunde ileile.

Wakati wa mapumziko Dada Hali alikwenda wodi ya nne, akasimama kando ya kitanda.

"Mzee, asubuhi ulikuwa wa pili."

"Najua, mwanangu," kinyozi alisema. "Nilihisi wananisogeza." Akasogea ukutani, akampa nafasi ya kukaa.