Magodoro ya Nasipwondi

Saa moja asubuhi Amolo alikuwa amepiga magoti ukumbini, akipangusa godoro la tisa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mumewe, Laban, alikuwa akitia sare zao za judo kwenye gunia pamoja na sufuria na mwiko. Chumba cha nyuma walichoishi miaka saba kilikuwa kimebaki kuta tu.

Wazazi wengi waliacha kuleta watoto mazoezini bei ya unga ilipopanda. Sasa ukumbi wenyewe ulitakiwa uwe ghala la mbolea. Pikapu ya kuwapeleka Usenge, nyumbani kwao Amolo, ilikuwa inangoja mlangoni. Huko wangefundisha ufuoni, kando ya nyavu za kuanikia dagaa wa omena. Lakini bila magodoro, nani angewapa mtoto wake wamwangushe?

Yalishonwa kwa mkono na marehemu mama yake Laban, Nasipwondi, turubai juu, makapi ya miwa ya Muhoroni ndani. Alitaka yafike kumi. Alifariki akiwa amemaliza tisa.

Bwana Sydney, msimamizi wa ukumbi, aliingia na daftari, akalikanyaga godoro bichi.

"Hizi zinabaki. Ziko kwa orodha ya vitu za ukumbi."

"Nani aliziandika?" Laban akauliza.

"Mimi. Juzi."

Amolo akainuka taratibu.

"Mzee, toa viatu kwanza."

"Ati nini?"

"Hapa hakuna mtu hukanyaga na viatu. Hata mheshimiwa alitoa, akikuja kupigwa picha."

Dereva akacheka kutoka mlangoni. "Toa tu, mkubwa! Huyo mama atakurusha mpaka Katito!"

Bwana Sydney aliyatazama mabega ya Amolo. Akainama, akafungua kamba. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni.

"Asante. Sasa songa hapo kwa simiti."

Akasonga. Laban akalibeba godoro begani kabla Bwana Sydney hajageuka. Mke na mume wakaendelea, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Na orodha yangu?"

"Andika zimetoka," Amolo alisema. "Si wewe ndiye huandika?"

La tisa lilipopakiwa, wakarudi mlangoni, wakasimama bega kwa bega, wakauinamia ukumbi kama walivyofanya kila jioni. Laban alichelewa kuinuka. Alikuwa akitazama kona aliyozoea kukaa mama yake na sindano.

Bwana Sydney, amesimama na soksi zake pale katikati, akadhani ni yeye anayeheshimiwa. Akaitikia kwa kichwa.