Firigisi ya Chamchanga

Tumpe alikuwa mwepesi wa kulaumu, hilo Ubaruku nzima inalijua. Alipokuta nusu ya kitalu chake cha mpunga imeliwa, na ndege wembamba wa kahawia wanatembea topeni huku wakichezesha mikia, hakuuliza mara mbili. Alikwenda kwa jirani yake Nkuba, baba yake Mbuke, kulia kwamba ndege wamemmaliza. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Kitalu kile kikiisha, na msimu umeisha.

Nkuba akaona leo kwa Tumpe, kesho kwake. Akamwangusha ndege mmoja kwa manati, akamning'iniza kwenye mti kitaluni kuwatisha wenzake. Jumamosi, akaahidi, angemwaga mpunga wenye sumu kwenye vitalu vyote. Mfereji wa pale ndiko walikokunywa maji ng'ombe wake mwenyewe, lakini hasira haina macho.

Ijumaa asubuhi, akiwa kitaluni, Tumpe akampigia simu binti yake Yudith, anayetembeza watalii kambini kule Idodi. Alitaka pole, akapewa maswali. Miguu rangi gani? Manjano iliyofifia. Mgongo? Una madoa meupe. Akiruka, juu ya mkia kukoje? Hilo hakuwahi kulitazama. Akarusha donge la tope. Ndege wakapaa wakipiga mluzi, na juu ya mkia kukaonekana weupe.

"Huyo chamchanga, mama," Yudith akasema. "Anakimbia baridi ya Ulaya, mwezi wa nne anarudi. Anakula wadudu na minyoo. Na mpunga wako hana habari nao."

Maneno ya simu si ushahidi. Tumpe akamshusha yule wa mtini, akampasua firigisi kama apasuavyo ya kuku. Mlikuwa na mchanga, miguu ya wadudu na gamba la konokono. Punje ya mpunga haikuwamo hata moja.

Basi nani? Bata wake walikuwa wanarudi kutoka mferejini, wameshiba, wanayumba kama watu waliotoka harusini. Kila alfajiri aliwafungulia mwenyewe, akaenda zake kusali, akijisifu kwamba bata wake hawali chakula cha kununua. Akalikamata dume alilolipenda kuliko wote, akalichinja. Kuanzia kooni lilijaa mpunga, na punje zilikuwa na vichipukizi vyeupe. Mpunga wa hivyo hauokotwi njiani. Yeye ndiye aliyeuloweka na kuuvundika guniani siku tatu uchipue, kabla ya kuusia kitaluni. Aibu ikamchoma hadi masikioni.

Angeweza kunyamaza, ndege hawana wa kuwatetea. Akawafungia bata waliobaki bandani, akalibeba lile dume hadi kwa Nkuba. Alimkuta uani, kopo la sumu halijafunguliwa bado.

"Acha hiyo sumu, Baba Mbuke. Mwizi nimemfuga mwenyewe."

Nkuba akauchungulia mpunga ule uliochipua, akaliweka kopo kando. Kisha akauliza habari ya yule ndege aliyempiga manati.

"Yule tulimwonea," Tumpe akasema, na machozi yakamtoka.