Nyuki wa Marejeo

Eustadia alikuwa anaanika shuka uani kwa Bi Swaumu, mtaa wa Kanyenye, kundi la nyuki lilipotua kwenye kamba ya nguo. Aliwapisha, akamalizia shuka upande wa pili, kisha akaenda kuwatafutia mzinga.

"Wametoka wapi leo?" aliuliza Bi Swaumu, mwenye nyumba, huku akichambua mchele.

Eustadia alinusa. "Spiriti, mama. Hawa wa madaktari."

"Wenzako hufuata nyuki wale asali. Wewe nyuki ndio wanakufuata."

Eustadia alikuwa mtafiti katika kituo kimoja cha nyuki pale Tabora. Aliishi misimu kadhaa msituni Ipole akichunguza nyuki wanapenda maua ya miti ipi, akaandika makala. Ilipochapwa, mwaka 1971, jina lililokuwa juu lilikuwa la mkurugenzi wake, Daktari Bernardo, peke yake. Tangu hapo, kila mtaalamu alipoitaja makala ile katika maandishi yake, popote duniani, kundi la nyuki liliingia Kanyenye. Wa misitu walinukia utomvu wa mninga. Wa tiba, waliotaka kujua asali ipi inafunga kidonda, walinukia spiriti. Wa isimu, walioyapenda majina ya maua kwa Kinyamwezi, hawakunukia chochote ila walivuma bila kupumzika. Mtaa uliwazoea.

Hapakuwa na la kushangaza. Kule msituni mtu hatundiki mzinga kabla ya kuuchonga alama ya ukoo wake, na mzinga wenye alama haugusi mwingine, hata mwenyewe awe safarini miaka. Eustadia alirithi alama ya marehemu baba yake, Mzee Modest: mikato miwili na tundu katikati. Daktari Bernardo naye alikuwa na mizinga mbele ya ofisi, ya mbao safi, imepakwa rangi nyeupe na kuandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Ndani walikaa buibui.

Siku moja Daktari alikuja Kanyenye mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Swaumu.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ndugu Eustadia, wageni wanakuja kunitunuku kwa ile makala. Watataka kuona nyuki. Niazime mizinga miwili."

"Nimesikia makala inachapwa upya kwa ajili ya sherehe," alisema Eustadia. "Naomba safari hii na jina langu liwepo, Ndugu Mkurugenzi."

"Ndugu yangu, huu ni wakati wa Ujamaa. Kazi ni ya wote."

"Kazi ya wote, jina la mmoja," alisema Bi Swaumu kutoka kwenye ungo wake. "Huo ujamaa wa wapi, baba?"

Daktari alicheka kwa adabu, akaahidi kuliangalia. Mizinga alipewa.

Siku ya sherehe makala mpya iligawiwa. Jina lilikuwa lilelile, moja. Mgeni rasmi alipoanza kueleza jinsi kazi ya Daktari Bernardo inavyotajwa katika fani nyingi, nyuki walitoka mizingani, wakapita juu ya turubai kuelekea Kanyenye. Wageni walishika kofia zao na hotuba ikaendelea. Nyuma yao likafuata kundi geni kutoka upande wa Kwihara, kwa njia ya zamani ya misafara, likinukia nta na jasho la wapagazi. Wanahistoria nao walikuwa wameitaja.

Eustadia aliikuta makala mezani kwake. Iliuma, naye alilia mpaka akatosheka. Alipotoka uani alikuta majirani na mabakuli: Mwanahawa mtoto wake ana kikohozi, Mzee Abbasi ameungua mguu, na mkwe wa Bi Swaumu amejifungua. Aliwajazia wote asali, wakamwombea dua, akaona raha ya kweli moyoni. "Asante, baba," alisema, akimaanisha Mzee Modest.

Wale wa Kwihara walikuwa bado wanazunguka juu ya kamba ya nguo, na mizinga ilikuwa imekwisha. Twalibu, seremala wa jirani, alileta gogo jipya lililotobolewa. Eustadia alichukua kisu, akachonga mikato miwili na tundu katikati, akauegemeza mzinga ukutani.

"Karibuni," aliwaambia. "Poleni na safari. Ni hapahapa."