Ngazi za Timazi

Mafundi walimwita Timazi, kama kile kipimo cha wima, kwa sababu ukuta wake haukuinama hata unywele. Tofali likikaa kombo alibomoa, huku akifoka. Mwezi mmoja baada ya mazishi yake, fundi mwenzake alikuja kumjulia hali mjane wake, akajikwaa kwenye ngazi za mlangoni.

“Shemeji, mbona vidato hivi ni vifupi? Timazi huyuhuyu ndiye aliyejenga?”

Akatoa futi yake, akapima vidato vyote saba. Kila kimoja kilipungua inchi mbili kamili kwa kimo cha kawaida.

“Mtu hakosei mara saba kwa kipimo kilekile,” alisema. “Huyu alikusudia.”

Mjane akaketi palepale. Goti lake bovu lilimtesa kila mahali, sokoni na hata kwa dada zake, isipokuwa hapa nyumbani. Miaka kumi na tisa alipanda ngazi hizi na ndoo kichwani, akijisifu, “Baba watoto, goti limepona!” Naye Timazi, akinawa saruji mikononi, alijibu yaleyale: “Ni hewa ya huku, mama.”

“Hewa, eti!” mjane akacheka, akikipapasa kidato cha chini kama bega la mumewe. “Mwongo mkubwa wewe.”