Kabati la Nyoka wa Mwalimu

Mgeni aliingia karakana ya useremala ya Mogire pale Mosocho Jumatatu asubuhi, nguo zimelowa mvua, mkononi foronya iliyofungwa fundo. Mogire alimkaribisha vizuri tu, mpaka foronya ilipofurukuta. Akajikuta nyuma ya benchi, randa mkononi.

"Usiogope, fundi. Mimi ni Mwalimu Natasha, nafundisha baiolojia shule ya hapo juu. Nyoka huyu hana sumu, anakula panya. Amekatwa kwa panga, nami nina kibali cha kumtunza hadi apone."

"Mwalimu, sisi huku tunapiga kwanza, tunauliza baadaye."

"Ndiyo maana nataka kabati kama la mtu yeyote sebuleni, majirani wasishtuke. Kioo mbele, matundu ya hewa, nafasi ya taa ya joto, na kufuli. Sasa analala stoo ya shule. Mkuu amesema ikifika Ijumaa jioni bado yupo, mlinzi atamuua."

"Utalipata Ijumaa, jua halijatua," Mogire akasema. Alikuwa Msabato, na Sabato yao huanza Ijumaa jua linapotua. Mosocho nzima ilijua nyundo yake hunyamaza saa ngapi.

Tangu hapo hakutulia. Alipima, akapima tena. Usiku aligeuka kitandani hadi mkewe akalalamika. Jumatano alimpigia mwalimu simu: "Amekula?" Akajicheka mwenyewe. Alhamisi akapaka vanishi mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, maana kabati halijawahi kutoka kwake likiwa uchi.

Ijumaa saa nane Natasha alifika, akafungua mlango wa kabati, akaurudisha polepole.

"Fundi, harufu hii itamuua. Ndani ya kioo, na joto la taa..."

"Itakauka."

"Kwa mvua hii?"

Mogire aligusa ubao; vanishi ikamnata kidoleni. Mwalimu hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. "Umejitahidi," alisema, akageuka kwenda.

"Mwalimu! Jua halijatua bado. Nenda kamlete nyumbani kwangu."

Mogire alikimbia nyumbani. Gladys, mkewe, alikuwa akipanga sahani za maua kabatini; kesho wageni wa kanisa wangekula kwao. Kabati hilo Mogire alilitengeneza kwa ajili ya harusi yao. Miaka kumi na tisa. Vanishi yake haikuwa na harufu tena.

Alimweleza, macho yakiwa sakafuni.

"Baba Beverlyne, umerogwa? Kabati la harusi, kwa nyoka?"

"Nitakutengenezea lingine."

"Na kesho? Mama mchungaji aone sahani zangu zimelala chini kama viazi vya kuuza?"

"Ataona."

Gladys aliweka chini sahani aliyoshika. "Ulimwambia Ijumaa?"

"Nilimwambia."

"Basi shika upande ule. Na usinivunjie kioo."

Walilibeba hadi kibarazani. Keekee ya kutobolea matundu ilipozama katika ubavu wa kabati, Gladys aliingia ndani, hakutaka kuona. Tundu la kwanza, la pili, la kumi. Mogire akafunga wavu, akaning'iniza taa, akapachika kufuli. Kila mara aliangalia kilima cha magharibi.

Natasha alifika na foronya, akafungua fundo. Nyoka akatoka taratibu, kidonda chekundu mgongoni, akapita mahali palipokaa vikombe vya harusi, akajikunja chini ya taa.

Mogire alifunga kufuli, akampa mwalimu ufunguo. Jua lilikuwa bado limeshika ncha za migomba. Ndani, Gladys alikuwa akitandika gazeti sakafuni, akipanga sahani moja moja.