Kopo la Kiangazi Kile

Jumamosi asubuhi, ukungu wa Januari ukiwa umelala juu ya mashamba ya Fresno, Bi Refugio alipanga pilipili, kitunguu saumu na nusu kitunguu kwenye kikaango cha chuma, akaviacha viungue kidogo. Nyumba nzima ikakohoa. Mkwewe Ofelia alikohoa chumbani, mjukuu Marisela akakohoa chini ya meza, na jirani Hortensia akakohoa kabla hajaingia.

"Mtatuua na pilipili zenu!" alisema Hortensia, akaweka kopo la nyanya mezani. "Nimelikuta nyuma kabisa ya kabati langu, mwenzangu. La kiangazi kile."

Bi Refugio alisoma mwaka uliopigwa chapa kwenye kitako cha kopo. Kiangazi hicho mwanawe Abundio, mume wa Ofelia, alianguka akafa kwa joto akichambua nyanya juu ya mashine ya kuvunia. Pipa la maji lilikuwa mwisho wa shamba, na msimamizi hakusimamisha mashine kwa ajili ya kiu ya mtu. Ofelia alikuwa amekwisha kuzunguka maduka yote akitafuta makopo mengine kama hilo. Makopo ya mavuno yale hayakuwapo tena.

"Hili ndilo la mwisho," alisema Hortensia, akatoka nje na kuufunga mlango taratibu, ili waachwe wenyewe.

Bi Refugio alilifungua polepole, kidogo kidogo, kuliko ilivyohitajika. Joto likapanda, na harufu ya vumbi.

"Mama," alisema Abundio kutoka ndani ya kopo. "Kuna maji?"

"Yapo, baba."

Alimimina kikombe kizima ndani ya kopo. Walimsikia akimeza. Akamimina kingine.

"Marisela ameng'oka jino," alisema Ofelia, akiinama.

"Amefanana na nani siku hizi?"

"Na wewe. Masikio hayo hayo."

"Maskini mtoto!" Abundio akacheka, na Ofelia akacheka naye, mkono ukiwa juu ya kopo kama mtu anayekinga mshumaa. "Haya, mashine inaondoka. Mle vizuri."

Kopo likapoa.

Bi Refugio alisaga pilipili kwa chumvi katika kinu cha jiwe cha mama yake, akatia nyanya, kotmiri na ndimu. Pamoja na maji yote yale, salsa, kachumbari yao ya kusaga, ilikuwa nzito kama siku zote. Walikula na chapati za mahindi. Bakuli moja lilipelekwa kwa Hortensia, likiwa limefunikwa kitambaa safi.

Jumamosi iliyofuata pilipili ziliungua, nyumba ikakohoa, na Bi Refugio akatoa kwenye mfuko wa duka kopo la mavuno ya mwaka jana. Hakutarajia kitu. Watu walitaka kula, basi. Alilifungua haraka.

Joto likapanda.

"Samahani, bibi," ilisema sauti ya msichana. "Kuna maji hapo?"

Bi Refugio hakumwuliza ni mtoto wa nani. Alichukua kikombe kile kile cha Abundio, akamimina, akangoja mpaka msichana amalize kumeza. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa duka, akayagusa makopo mengine, moja baada ya moja. Yote yalikuwa ya moto.

"Ofelia," aliita, "kikombe hakitatosha. Lete ndoo ya maji."