Kazi ya Mzee Valentino

Kampuni iliyomwajiri Najiat ina maelfu ya watengeneza programu nchi nyingi, lakini yeye aliifanyia kazi chumbani kwao, Mtendeni, mama yake akipita na chai. Walimpa kompyuta, kiti cha kutunza mgongo, na ruhusa ya kuzima simu kazi ikiisha. Majirani walidhani anawatania. Ila alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na akishindwa angerudi kukaa dukani kwa mjomba wake.

Kwenye kampuni hiyo kuna sheria moja isiyochezewa: kazi ya mtu, awe nani, haiingii kwenye mfumo mpaka mwenzake aikague na kuikubali. Siku moja akaletewa kazi ya Mzee Valentino, mtu wa Ulyankulu, rika la baba yake, ndiye aliyemfundisha kila kitu. Najiat akaona tatizo: abiria wawili wakikata tiketi ya basi kwa wakati mmoja, wangepewa kiti kimoja. Akaandika, akafuta. Amkosoe mtu mzima mbele ya timu nzima? Malezi gani hayo? Akabonyeza kukubali.

Kesho yake stendi ya Igunga ilichafuka. Abiria waligombea viti, makondakta wakatukanwa, na mabasi hayakuondoka.

Kwenye kikao cha mtandaoni, Asnath, kiongozi wao, aliuliza nini kimetokea, hakuuliza nani kafanya. Ndiyo desturi yao, na ni desturi nzuri jamani, wengi wetu hatujawahi kuiona kazini.

Mzee Valentino akawahi. "Ni mimi. Huyu binti mwacheni, bado mgeni."

Najiat angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini moyo ulimsuta. "Niliona kosa mapema," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilishindwa tu kukukosoa, mzee wangu."

"Asante kwa kusema," Asnath akajibu. "Suala la ajira yako tutaliongea Jumatatu."

Jumamosi na Jumapili alishinda akiisoma upya ile kazi aliyoikubali. Jumatatu asubuhi, kabla Asnath hajapiga, iliingia kazi mpya ya Mzee Valentino, na ujumbe juu yake:

"Shikamoo, mkaguzi wangu. Nimeomba ubaki, na kila kazi yangu ipitie kwako kwanza. Asnath kakubali. Isome kwa jicho kali."

Najiat alicheka huku analia. Kisha akaisoma taratibu mpaka mwisho, akaona kosa, akaandika:

"Marahaba, mzee wangu. Nimeikataa."